Upanga Ndani ya Mkeka

Habari hii aliisimulia kwanza Adolphine, muuza kahawa wa mji wa Baraka, wilayani Fizi, mashariki mwa Kongo, mwishoni mwa mwaka 2023. Benchi liko mbele ya karakana ya Néhémie, fundi wa viti, kando ya barabara iendayo darajani. Hapo Adolphine huteleka birika lake kwenye mbabula, jiko la makaa, na wateja wake humaliza vita vyote vya Fizi kabla ya kikombe cha pili. Casimir walimwita Avoka, yaani wakili, kwa sababu ya kesi zake za shamba, zote ameshindwa. Patrice walimwita Radio, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Asubuhi ile Yunusu alifika na kanzu nyeupe, upanga wa marehemu baba yake kiunoni. Kesho yake alikuwa amsindikize Kulthumu, binti pekee wa dada yake, kwa mumewe ng'ambo ya daraja. Katika ukoo wao, mjomba ndiye hutangulia mbele ya bibi harusi, upanga kiunoni, watu wote wakiuona. Baba yake alitangulia mara nyingi. Yunusu hakuwahi.

AVOKA: Yunusu, unaenda kupindua serikali ama unaenda ku harusi?

YUNUSU: Ku harusi, kaka. Leo napima tu kama kanzu inakubali.

RADIO: Kanzu imekubali. Bariere je? Bale bavijana ba bunduki banaofunga njia pale daraja, kikundi yabo inabadilisha jina kila juma.

YUNUSU: Harusi banaijua. Nao balizaliwa na bamama.

AVOKA: Wahenga balisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Upanga yako iko njema. Basi, isitembee.

ADOLPHINE: Hiyo balisema juu ya kitu ya soko.

AVOKA: Mama Adolphine, nani hapa iko avoka?

RADIO: Ku Minembwe kulikuwa muntu na fimbo yake ya ng'ombe. Bakamukamata. Bakasema ni antene.

AVOKA: Hiyo kidogo. Ku Kilembwe balikamata muntu juu ya mwamvuli. Bakasema ni parashuti.

RADIO: Sasa we na upanga, batasema unarudisha usultani.

Yunusu hakucheka.

YUNUSU: Baba alisema upanga ya harusi haifichwi. Ikionekana ni nguo, sawa koti. Ikifichwa, inakuwa silaha.

AVOKA: Baba yako alikufa wakati bariere haikuwa. Ifunge mu mukeka, panda moto, pikipiki ya kukodi, pita. Ngambo kule uvae, utembee mbele ya mutoto yako. Kuna shida gani?

RADIO: Mukeka haina kesi.

AVOKA: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

ADOLPHINE: Kunywa kwanza, Yunusu. Inapoa.

Hakunywa. Aliufungua mkanda pole pole. Néhémie, ambaye husema mara chache, alitoka na mkeka na kamba ya nailoni. Akauviringisha mkeka juu ya upanga, akafunga mafundo yale anayofungia viti vya kupelekwa Kazimia kwa mtumbwi.

NÉHÉMIE: Haitafunguka mu njia.

Kesho yake, mvua ikinyunya, Yunusu alipita juu ya pikipiki, akitangulia ili amngoje Kulthumu ng'ambo, mkeka begani, akawapungia mkono wa benchini. Darajani wale vijana wakamwambia afungue. Alivuta mafundo, mafundo yakakataa. Basi akaingiza mkono kwenye mdomo wa mkeka autoe upanga kwa upande wa kipini. Vijana waliona kitu kirefu, na mkono ndani yake. Wakampiga risasi.

Dereva wa pikipiki alirudi kwa miguu. Alisema kijana mmoja aliukata mkeka upande, akaona kipini cha fedha, akakaa chini kwenye matope. Akasema, "Si angevaa tu. Juma lililopita alipita muzee na upanga yake kiunoni. Tulipiga naye picha."

Baada ya mazishi benchi lilijaa tena.

RADIO: Ni drone. Inaona chuma hata mu tumbo ya muntu.

AVOKA: Hapana. Muntu aliuza habari. Balisikia kipini iko ya fedha.

RADIO: Ama ile upanga yenyewe. Huko zamani iliua batu, sasa damu inarudi nyumbani.

AVOKA: Sasa unasema. Damu nzito kuliko maji.

Adolphine aliona kwamba katika maneno yote hayo hakuna aliyetaja mkeka. Ndipo akaja Faida, dada yake Yunusu, mama yake Kulthumu, ambaye hakuwa amewahi kufika pale. Radio alimpisha akae, hakukaa. Aliweka mkeka juu ya benchi. Ulikuwa umepasuliwa, lakini kamba ilikuwa bado imefungwa.

FAIDA: Bakaka, nauliza moja tu. Siku moja mbele ya harusi, Yunusu alitoka kwangu na upanga kiunoni, akasema anaenda kunywa kahawa. Haya mafundo alifunga nani?

Avoka alitazama barabara. Néhémie aliingia karakanani na hakutoka. Adolphine aliinua birika ampatie mgeni kikombe, akakuta masimbi tu ya kahawa.

Kulthumu alienda kwa mumewe baada ya arobaini, bila mtu mbele. Yuko hai. Faida yuko hai, na mkeka anao. Casimir na Patrice wako hai. Néhémie yuko hai, anaishi Kazimia. Adolphine yuko hai, anauza kahawa palepale. Katika waliokaa kijiweni asubuhi ile, aliyekufa ni mmoja tu, yule aliyesikiliza.