Mama Daphrose, Sauti ya Tuyizere

Tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka ishirini na mbili kwenye mikro ya Radio Umande hapa Nyabiondo, Mama Daphrose Mukamurenzi anaingia mapumzikoni. Mimi Esdras, fundi wa sauti, muntu aliyefika Kisangani na kula samaki wa huko, njo nimechaguliwa kuandika. Wengine wana diploma. Mimi nina maneno.

Alianza kwa kusoma matangazo ya ng'ombe waliopotea. Alisoma vizuri mpaka hata wasio na ng'ombe wakasikiliza. Kisha akatunga mchezo wa kila Jumamosi: Tuyizere, mtoto wa kike wa miaka tisa, vita inamtenganisha na mama yake, anashika njia ya Walikale kumtafuta, pamoja na ng'ombe mmoja, Gaju. Sauti ya Tuyizere ilikuwa ya Mama Daphrose mwenyewe, bibi mwenye wajukuu. Ng'ombe ni mimi. Sijisifu, lakini kuna ng'ombe wa kweli huku Masisi wanaonisikia wakaona haya.

Direkta wetu, Papa Callixte, alitaka shujaa asiyeogopa kitu.

"Mama, huyu mutoto analia sana! Shujaa gani anajificha chini ya kitanda sababu ya sufuria kuanguka?"

"Papa, sufuria ikianguka hata wewe unaangalia mlango. Acha mutoto alie. Akimaliza ataenda kuchota maji."

Njo ilivyokuwa. Tuyizere anatetemeka, analia, anapangusa pua, anachukua bidoni ya maji. Wasichana wa vilima vyote walimjua kama dada yao.

Mama zao pia. Wiki ile Tuyizere alilala njaa msituni, wamama wa kijiji cha Kingi walipanda pikipiki mpaka kwetu na maharage, blanketi na fromaji, ile jibini ya kwetu, wakiuliza mutoto iko wapi. Mama Daphrose hakuwacheka. "Iko, tena si mumoja," aliwaambia, akawapeleka kwa wasichana waliokimbia vita, wanaolelewa na majirani.

Kati yao alikuwa Gisubizo, mpwa wa Mama Nyiramana anayetuuzia maziwa. Tangu afike hakuwa amesema neno na mtu. Kila Jumamosi alisimama na shangazi yake kwenye dirisha la studio, akisikiliza.

Jumamosi moja Gaju alipotea kwenye ukungu. Ng'ombe wa kwetu haitwi kwa mluzi, anaitwa kwa jina lake. Mama Daphrose akafungua mdomo: gripe ya mafua imechukua sauti, unatoka upepo tu. Tuko hewani! Mimi nimejaza kifua, lakini ng'ombe gani anaitika bila kuitwa? Papa Callixte akashika kichwa.

Ndipo dirishani: "Gaju! Gaju weee! Njoo, mama, njoo!"

Alikuwa Gisubizo. Niliitika, ndugu zangu, sijawahi kuitika vile, machozi yakiingia kwenye mikro. Mama Nyiramana akamwaga maziwa. Mama Daphrose akatoka, akamshika mutoto mkono, akamkalisha kwenye kiti chake. Wengine wanasema ile gripe ilikuwa ya kujifanya. Nimemuuliza mara nyingi, anacheka tu.

Kwa hiyo, ninyi mnaotusimamisha sokoni kuuliza kama Tuyizere naye anastaafu: hapana! Gisubizo sasa ni msichana mkubwa, amemaliza shule, na kuanzia Jumamosi ijayo sauti ni yake. Amekwisha kumuonya Papa Callixte: mutoto ataendelea kulia, na ataendelea kuchota maji.

Mama Daphrose, asante kwa watoto wote uliowapa ruhusa ya kuogopa kisha kusimama. Nenda kwako Kingi, upate usingizi mzuri, chai ya maziwa na wajukuu watundu. Wafanyakazi wote tumekununulia ndama jike mwekundu; jina lake unalijua. Asubuhi ukimwita akakataa kuitika, tuma pikipiki inichukue. Nitaitika mimi.