Nukta Sita Hafifu za Mama Tito

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Lukresia Temba, Mama Tito wetu, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi katika maabara yetu hapa Moshi. Miaka kumi na miwili ya mwisho amekuwa akiotesha grafini, yaani utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja, juu ya karatasi ya shaba ndani ya tanuri la nyuzi joto elfu moja.

Kwao ni Kilema, na baridi ya kule haijamtoka: huvaa sweta hata mbele ya tanuri. Kulifungua kabla halijapoa, thubutu! Mkurugenzi alikuja na wageni akaambiwa, kwa heshima zote, akanywe chai kwanza. Akaenda, angefanyaje?

Sasa nije kwenye andiko letu la kisayansi la mwaka 2016. Wengi humu bado mnaamini Mama Tito alituchelewesha mwaka mzima kwa kuharibu sampuli. Alisemwa kikaoni mbele ya wote, akanyamaza. Mimi, Fredy Lyimo, mwenye andiko lile, nilikuwepo, nami nikanyamaza.

Ukweli ni huu. Utando ulioota ukielekea upande mmoja, ukipigwa kwa elektroni, huonyesha nukta sita za mwanga kwenye kioo. Wetu ulionyesha sita angavu na nyingine sita hafifu pembeni. Maana yake, vipande vingine viliota vikiwa vimegeuka. Mimi nilishaandika kwamba wote ni kipande kimoja, basi nikaitia picha giza mpaka zile hafifu zikapotea.

Picha aliipiga yeye, kwa hiyo alipoiona kwenye andiko alijua palepale. Hakwenda kwa mkurugenzi. Alifunga mlango, akaniambia kwa upole, "Baba, nirudishie nukta zangu."

Niliondoa andiko kwenye jarida nililokuwa nimelipelekea siku hiyohiyo. Tukaanza upya, yeye akisafisha shaba kila asubuhi, hadi zikabaki nukta sita tu. Andiko likatoka, nikapongezwa mimi.

Miaka tisa hajamwambia mtu. Sampuli haikuharibika, picha niliiharibu mimi. Nimemwomba mhariri wa toleo hili asiiguse sentensi hiyo.

Mama Tito, asante, na unisamehe. Sote tunakutakia pumziko jema na afya tele. Jina lako ni safi, na lilikuwa safi siku zote.