Bomba la Moshi Lililomrudisha Mke Wangu

Tumsifu Yesu Kristo! Jamani wanajumuiya, itikieni kwa nguvu, leo nina furaha hata kukaa siwezi. Shikamooni wazee wangu. Karibuni sana hapa nyumbani.

Wengi mnaikumbuka ile mvua, mto Lumemo ulipotufuata mpaka vyumbani. Nyumba hii ilisimama, lakini jiko letu la nje, lile la miti na nyasi, lilikwenda na maji. Tukahamishia mafiga chumba cha nyuma. Tukasema ni kwa muda tu, mpaka tuvune. Tukavuna, mafiga yako pale pale. Kuta zikawa nyeusi tii. Mke wangu ana kifua tangu usichana wake, basi akawa anakohoa mpaka anajishikiza ukutani. Mtungi mdogo wa gesi tulikuwa nao, ukiisha tunarudi kwenye kuni.

Siku moja alianguka, mwiko mkononi. Kule hospitali daktari hakuzungusha maneno: "Mzee, akirudi kwenye moshi ule, utamzika."

Dada yake akaja kumchukua, akampeleka kwake Malinyi. Ndugu zangu, nawaambia, niliujua upweke. Nikipiga simu nasikia kikohozi kinapungua, nafurahi. Nikimwuliza atarudi lini, anageuza mazungumzo. Mwisho akasema, "Baba, nyumbani napapenda. Ila nataka kuishi."

Nikaamua kujenga jiko la kuni lenye bomba la kutolea moshi. Jirani yangu Msukuma, yule pale anacheka, akanisaidia. Tukatoboa bati, tukapachika bomba, tukawasha. Ee Mungu! Moshi ulipanda kidogo, ukageuka, ukatushukia wote. Tukiwa bado tunakohoa, mbao ya kenchi, zile zinazobeba bati, iliyogusana na bomba ikaanza kufuka. Jirani akairukia na ndoo ya maji. Mimi nilitoka nje nikakaa chini nikalia. Mwanaume mzima! Nilimwona mke wangu anazeekea Malinyi.

Jirani akaja kusimama mbele yangu. "Mzee, unalia nini na nyumba ipo? Inuka. Kibaoni kuna mama anajenga majiko ya mahoteli. Twende."

Yule mama alikuja, akaangalia juu, akaangalia chini, akasema, "Nguvu mnazo. Hebu tubomoe." Tukabomoa. Chini akatumwagia zege, juu yake matofali ya kuchoma, yakatokeza mbele ya mdomo wa jiko, ili kaa likidondoka lisikute kitu cha kushika moto. Jiko lenyewe akalisogeza mbali na ukuta na mlango wa mbao.

Nikamwuliza, "Na kenchi je?"

"Bomba linapita katikati ya uwazi, mbali na mbao zote, na pale linapotoboa paa tunalizungushia bati. Halafu linapanda wima mpaka lipite mgongo wa paa. Lenu liliishia chini ya mgongo, upepo ukawa unawarudishia moshi wenu."

Juu akaliwekea kofia ya kuzuia mvua, chini akaacha kijimlango cha kutolea masizi. Dirisha akatuamuru tulipanue, maana moto nao unahitaji hewa.

Nikapiga simu Malinyi. "Njoo uangalie tu," nikamwambia. "Ukikataa, nakurudisha mwenyewe."

Akaja na dada yake. Mkoba hakuushusha begani. Akasimama uani, hataki hata kukaribia mlango. Jirani akawasha kuni kavu. Jamani! Moshi ukatoka juu kabisa, ukaenda zake upande wa mashamba, na sisi tunautazama kama watoto wanaotazama ndege. Mke wangu akaingia ndani polepole. Tukabaki nje. Nilikuwa nasikiliza kikohozi.

Tukasikia sauti yake: "Chumvi mmeificha wapi humu?"

Nilipiga kelele, kuku wa jirani wakatawanyika! Shemeji akaingia ndani, akauchukua ule mkoba begani kwa mke wangu, akaenda kuuweka chumbani.

Namshukuru Mungu. Namshukuru shemeji aliyemtunza, yule mama fundi, na wewe jirani, wewe na ndoo yako. Ninachowaomba wenzangu: msizoee kikohozi cha mtu anayewapikia. Na mkijenga jiko la ndani, muulizeni anayejua kabla hamjatoboa paa. Masizi mtoe mara kwa mara, nayo yanashika moto.

Sasa niambieni. Tangu tuanze rozari, nyuma ya ukuta huu wali unapikwa, na samaki wanaungwa, kwa kuni. Nani amefikicha macho? Nani amekohoa?

Mke wangu, njoo wakuone. Njoo na sahani!