Mdunguaji wa Juu ya Paa

Mbele ya kinyozi wa Harlow Creek, Ohio, lipo benchi ambalo halijawahi kushindwa vita, maana halijapigana hata mara moja. Jumatatu ile vijana wa chuo waliandamana uwanjani kupinga vita vya Vietnam, askari wa akiba wa jimbo wakawamiminia risasi, wengine wakafa. Kufika Alhamisi benchi lilikuwa limejaa. Jenerali, aliyebandikwa cheo hicho na wenzake kwa kumenya viazi vya jeshi kule Ufaransa, alishika chupa ya kahawa. Mwanawe Duane alikuwa mmoja wa askari wale wa Jumatatu. Tangu arudi nyumbani, hali wala hasemi. Basi mzee akawa anamtafutia la kusema.

— Kulikuwa na mdunguaji juu ya paa, akaanza Jenerali. Vijana wetu walijitetea tu.

— Mmoja? akacheka Redio, mtu asiyepokea habari bila kuinenepesha. Mimi nimesikia watatu.

— Umesikia kwa nani?

— Kwako, jana.

— Basi ni kweli. Lisemwalo lipo, kama halipo, tuliseme tena.

Daktari, aliyewahi kumtibu ng'ombe mmoja akafa, alitikisa kichwa.

— Nyie mnahangaika na paa, wenzenu wako chini. Wanafunzi wamechimba handaki toka bwenini mpaka kwenye tangi la maji la mji, wanatia dawa za kulevya. Haba na haba hujaza kibaba.

— Si ndiyo maji ya kahawa hii, Daktari? akauliza Redio.

Daktari alichungulia kikombe, akapiga funda.

— Mimi mbona sijaona tofauti?

— Kwako wewe itaonekana wapi, ndugu yangu?

Wakacheka, Jenerali kuliko wote. Kufika kikombe cha pili mdunguaji wake alikuwa ameota ndevu, ana bunduki ya Kirusi na shahada mbili.

Ndipo Duane alipovuka barabara, kavaa ndara, hajanyoa. Redio akajibanza kumpa nafasi.

— Njoo, mwanangu, akasema Jenerali. Tunakutetea hapa. Waambie kuhusu yule wa juu ya paa.

Duane hakukaa.

— Nami nilitaka kukuuliza hilo, baba. Kama alikuwa juu ya paa, mbona sisi tulilenga uwanjani?

Jenerali akafumbua mdomo, ule ule uliowahi kuikomboa Ufaransa peke yake.

— Sijui, mwanangu.

Benchi zima likageuka kumtazama, maana neno hilo lilikuwa halijawahi kusikika pale.