Kiti cha Pili Dirishani: Kumuaga Bwana Emmett Lindqvist

Ijumaa hii, tarehe 30 Januari 1959, Bwana Emmett Lindqvist anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kupamba madirisha ya duka letu la Harmon na Wanawe, hapa Minneapolis.

Alikuja kwetu amefilisika. Kabla ya hapo alikuwa na jumba kando ya ziwa na magari mawili, vyote kwa fedha za wiski ya magendo, na vyote kwa ajili ya Corinne, binti wa mwenye kinu cha unga, aliyemkataa kwa ufukara wake. Kila Jumamosi alifanya karamu akitumaini Corinne atapita. Akapita mara moja, kavaa gauni la kijani, kashikwa mkono na mumewe. Baadaye polisi nao wakapita. Emmett hakuyaficha hayo. "Nilidhani nikipata mali nitampata na yeye," alituambia, huku akicheka. "Nikabaki na suti." Suti yenyewe aliivaa kazini mpaka ikatoboka viwiko.

Kazi aliipenda kupita kiasi. Kila Novemba, wiki ya Sikukuu ya Shukrani, alilifunika dirisha kubwa kwa karatasi ya kaki, na Ijumaa asubuhi sote tulitoka na kahawa zetu kwenye baridi kuitazama ikishushwa. Mzee Harmon aliwahi kuchungulia, akapigwa rula ya vidole.

Mapambo yalibadilika kila mwaka, isipokuwa meza ya watu wawili, sanamu ya mwanamke mwenye gauni la kijani, na kiti cha pili kitupu. Chicago walimwita kwa mshahara mnono, akakataa, eti Corinne huenda akapita. Nilimwambia huo ni ujinga. Akaniambia niuze kofia zangu. Hakuoa kamwe. Hilo linaniuma mpaka leo.

Novemba iliyopita, karatasi iliposhushwa tu, Corinne akapita kweli. Mama mmoja mzee mwenye koti la manyoya alisimama katikati yetu, akatazama dirisha, akamwambia dereva wake, "Siku hizi nani anavaa gauni kama hilo? Twende, baridi." Akampita Emmett kama watu wanavyompita bawabu.

"Ndiye huyo," Emmett akatuambia.

Yeye akaingia dukani, akatokea dirishani bila kurudisha karatasi, kosa ambalo angemfukuzia mtu kazi. Akaibeba ile sanamu, akaiweka nyuma ya pazia. Kisha akaketi kwenye kiti cha pili, akanywa kahawa yake taratibu mpaka ikaisha. Wapita njia walipiga makofi wakidhani ni tangazo, na viti vya namna ile vikanunuliwa vyote siku hiyohiyo.

Isipokuwa kile ulichokikalia. Tulikificha, Emmett, nacho ndicho zawadi yetu. Ahsante kwa kutupa sababu ya kusimama kwenye theluji kila mwaka. Kiweke barazani, ukikalie wewe mwenyewe, na Mungu akujalie uzee wenye jua na kahawa ya moto. Sisi tukija kukutembelea, tutakuja na viti vyetu.

Gertrude Voss,
Idara ya Kofia