Mama Brigita Hhando na Harusi ya Enguserosambu

Baba Paroko, ndugu wa ukoo wa Hhando na wa Tluway, majirani wa Endamarariek, na wageni mliotoka mbali: huyu tunayemsindikiza leo, Jumatatu tarehe 16 Juni 2025, alizoea kusimama nyuma ya kamera kwenye mikusanyiko kama hii. Wengi wenu aliwarekodi mkibatizwa, mkioa na mkizika wazee wenu. Leo tunamweka yeye mbele. Wasifu wake umeandaliwa na familia, na mimi ninayeusoma ni mdogo wake, Selestina.

Marehemu Brigita Felisiani Hhando alizaliwa tarehe 14 Agosti 1973 hapa Endamarariek, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Felisiani Hhando na Mama Bernadina, ambao wote wametangulia. Alibatizwa mwaka huohuo. Wazee wanaomkumbuka utotoni watakubali kwamba alikuwa na kasoro moja kubwa kwa mtoto wa Kiiraqw: aliogopa ng'ombe. Akipewa zamu ya kuchunga, alipanda juu ya jiwe na kuwaamuru kwa sauti kutoka huko. Ng'ombe hawakumsikiliza, na shamba la jirani lililiwa zaidi ya mara moja.

Alisoma shule ya msingi hapahapa kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, kisha sekondari mjini Karatu hadi 1992. Mwaka 1994 alikwenda Arusha kusomea ufundi wa elektroniki. Baba hakuelewa somo hilo lilikuwa la nini, ila aliwaambia watu kwamba binti yake amekwenda kusomea umeme, hata kama kijijini umeme wenyewe ulikuwa haujafika.

Baada ya mafunzo alitengeneza redio na televisheni Arusha, na mwaka 2001 akarudi Karatu na kufungua karakana yake nyuma ya soko. Wakulima wa vitunguu wa Baray walimletea redio zilizojaa vumbi, naye aliwagombeza kwanza ndipo akatengeneza. Mwaka 2006 alianza kurekodi video za sherehe, na kazi hiyo ndiyo iliyompa jina. Hakuna aliyewahi kumwona akimkata bibi arusi kichwa kwenye picha, na hakuna mlevi aliyefaulu kuingia kwenye video yake.

Tarehe 17 Juni 2000 alifunga ndoa takatifu na Bwana Remigius Lazaro Tluway, dereva wa watalii. Walifahamiana Remigius alipoleta redio ya gari kutengenezwa kule Arusha. Siku chache baadaye aliirudisha. Brigita akaifungua, akaifunga, akamwambia, "Kaka, redio hii haina tatizo." Remigius akajibu, "Basi tatizo ni langu." Walijaliwa watoto wawili, Lazaro na Angelina.

Mwishoni mwa mwaka 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya titi, na mwaka uliofuata akaanza matibabu Moshi. Dawa zilimsaidia, ila zilimwondolea hisia kwenye vidole. Aliangusha vikombe. Vifungo vya blauzi alifungwa na mumewe. Kwa mtu aliyeishi kwa kushika skrubu ndogo kuliko punje ya ulezi, hilo lilimuuma kuliko nywele zilizonyonyoka.

Familia imeona vema kueleza kwa kirefu jambo moja la kipindi hicho.

Desemba 2023, muda mfupi kabla hajaanza matibabu, marehemu alirekodi harusi kule Enguserosambu, kwa Wamaasai. Bwana arusi aliitwa Sairowua na bibi arusi Namelok. Aliporudi alianza kuunganisha video yao, lakini kompyuta yake ilikuwa imezeeka, na ndani yake kilichozeeka zaidi ni ile kadi inayochora picha kwenye skrini. Kila kazi ilipokuwa nzito kadi ilichemka, feni zikalia kama mashine ya kusaga, na skrini ikawa nyeusi. Maharusi walimpigia simu wakamwambia, "Mama, usihangaike. Pona kwanza." Akaiacha kazi nusu.

Oktoba 2024 Namelok alijifungua mtoto wa kike, na baada ya siku chache akafariki dunia.

Mwezi uliofuata Sairowua alifika karakanani amembeba mtoto ndani ya shuka. Alikaa kwenye benchi, akauliza taratibu, "Yeyo, ile harusi yetu bado ipo?" Yeyo kwa Kimaasai ni mama.

"Ipo, mwanangu," marehemu alimjibu. "Haijakamilika, lakini ipo."

"Nataka huyu akikua amsikie mama yake akiongea. Mimi sina hata sauti yake kwenye simu."

Alipoondoka, marehemu aliwasha ile kompyuta, ikazima kama kawaida yake. Fundi mwenzake alimshauri apeleke kila kitu Arusha, vijana wenye mashine mpya wamalizie. Alikataa. Alisema, "Hao vijana hawamjui Namelok. Watakata pale anapocheka wakidhani ni makosa." Tena alikuwa karibu kurudi Moshi, na hakujua atarudi na nguvu gani.

Alijua ugonjwa wa kadi. Kati ya chipu na bamba la kupozea hupakwa pesti ya kupitisha joto, na juu ya chipu ndogo za pembeni huwekwa vipande laini kama mpira ambavyo mafundi huviita pedi. Vyote hukauka kwa miaka, na joto likikosa njia ya kutoka, kadi hujizima. Dawa yake ni kufungua, kusafisha na kuweka vipya. Tatizo lilikuwa vidole. Basi akamwita mumewe, ambaye ukiacha gari lake hakuwahi kufungua hata rimoti.

Hapo ndipo na mimi nilipoingia, na Baba Paroko atanisamehe. Dada alinitumia ujumbe Arusha: "Nitafutie pedi haraka, utume kwa basi." Nilikwenda duka la dawa, nikanunua, nikatuma. Nilimpigia nikamwambia, "Dada, umetimiza hamsini na moja, pedi za nini tena?" Alicheka hadi Remigius akachukua simu akidhani amepaliwa. Nikarudi mjini kutafuta zile zenyewe za kompyuta, nikazituma.

Jumamosi mchana wakakaa wawili mezani, yeye akielekeza, mumewe akishika bisibisi. Ile pesti ya zamani ilikuwa imekauka kama tope la Aprili linapokutwa na jua la Septemba. Remigius aliifuta kwa spiriti polepole, jasho likimtoka.

"Hii si ni kama radieta?" aliuliza.

"Ni radieta. Usiiogope. Sasa weka pesti, kidogo kama dengu. Remi, nimesema dengu, si ugali!"

Walifunga, wakawasha. Skrini ikawa nyeusi haraka kuliko zamani. Remigius aliweka bisibisi chini na kutoka nje. Baadaye alituambia kwamba aliamini ameua kazi ya mke wake kwa mikono yake mwenyewe. Marehemu alimfuata uani, akamshika mkono, ingawa hakuweza kuuhisi.

"Gari likichemka baada ya kufunga radieta, wewe hukimbilia porini?"

"Hapana. Nafungua naangalia."

"Basi njoo tuangalie."

Walipofungua waliona: pedi nilizotuma zilikuwa nene mno. Zililiinua bamba, likakaa juu juu bila kuigusa chipu yenyewe. Pesti ilikuwa haijasambaa hata kidogo. Remigius alichukua kipande cha pedi ya zamani kama kipimo, akaenda kwa Bwana Abdulwahabu, mwenye duka la vipuri vya simu pale mjini. Abdulwahabu alitafuta kwenye makasha yake yote hadi akapata nyembamba zinazolingana, kisha akafunga duka akaja naye, maana aliposikia ni za nini hakutaka kusimuliwa.

Safari hii walifunga, wakafungua tena kwanza kuhakikisha. Remigius aliinamia ile chipu, akasema, "Brigita, imegusa yote. Alama ya pesti imeenea kila pembe." Alivyosema hivyo, kwa mujibu wa Bwana Abdulwahabu, ungedhani ameona mwezi wa Idi.

Kompyuta haikuzima tena. Marehemu aliikamilisha video kabla ya kurudi Moshi, akimwonyesha mumewe pa kubofya na pa kukata.

Sairowua alikuja na mtoto kuitazama. Katikati ya sherehe, Namelok anaonekana akiigeukia kamera, shanga zikiyumba, anasema, "Mama Brigita, weka hiyo kitu chini, uje ule! Utatupiga picha mpaka lini na njaa?" Halafu anacheka, mkono mdomoni.

"Rudisha hapo," Sairowua alisema.

Wakarudisha. Akasema tena rudisha. Kisha alimfunua mtoto uso, akamwelekeza kwenye skrini, akamwambia kwa Kimaasai maneno ambayo wengine hawakuyaelewa. Marehemu aliinuka akatoka nje, na Remigius akabaki akirudisha kila alipoombwa.

Mwezi Machi 2025 ugonjwa ulienea kwenye mapafu. Marehemu aliomba kurudi nyumbani. Siku zake za mwisho alisikiliza rozari, aligombana na Lazaro juu ya waya aliofunga vibaya, na aliwasamehe na kuombwa msamaha na wengi waliokuja kumwona. Tarehe 10 Juni alipokea Mpako wa Wagonjwa. Alifariki Alhamisi tarehe 12 Juni 2025 asubuhi, nyumbani kwake Karatu, mumewe akimnywesha chai ya maziwa. Alikunywa vijiko viwili, akasema, "Inatosha, Remi, na wewe kunywa," akafumba macho.

Marehemu ameacha mume, Bwana Remigius. Watoto wawili, Lazaro na Angelina. Mjukuu mmoja, Bernadina. Na ndugu zake wanne. Sairowua amefika leo kutoka Enguserosambu na binti yake, na ameomba mtoto huyo asomwe miongoni mwa aliowaacha marehemu. Familia imekubali kwa moyo mmoja. Anaitwa Brigita.

Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Dada yetu, mama yetu, lala pema katika udongo wa kwenu; Mungu akupe amani yake, na mwanga wake usikupungukie.