Tyubu Iliyofungwa kwa Leso

Nisikizeni wanangu, na wewe Khubaib izime hiyo simu kabla sijaitia kwenye ndoo ya maji, maana pumzi zilizonibakia ni chache na sitaki kuzigawana nayo. Zakiya, niinue kidogo, nitilie mto mgongoni. Na wewe Sufyan, wasimama mlangoni kama mtu aliyepotea nyumba! Miezi kumi hujakanyaga mtaa wetu huu wa Kuze, na leo umekuja waogopa hata kuvua viatu. Najua ni mimi niliyekufukuza, najua, usinikumbushe. Ingia ukae hapa miguuni pangu. Nina ghadhabu inayonila kuliko haya maradhi, na safari hii haiko juu yako.

Nyumba hii itagawanywa kisharia, kadhi aijua kazi yake, sitapoteza pumzi kwa kuta. Duka la spea la Makadara ni la Zakiya, kwa kuwa ndiye aliyekaa nami ndani yake. Pikipiki achukue Khubaib, ambaye apenda kuing'arisha kuliko kuijua. Neno langu ni juu ya mkoba. Uteremshe pale msumarini, Zakiya, uufungue.

Lo! Khubaib, umetia nini humu? Manukato? Manukato na waya wa simu! Tairi likikupasukia Mazeras utalifukiza udi? Mkoba huu wa turubai niliushona kwa mkono wangu kabla wewe hujazaliwa, na humu hukaa plagi mpya na spana yake, spana za magurudumu mawili, vyuma vya kung'olea tairi, pampu, viraka na gundi na msasa wake, kiungo cha mnyororo, plaisi, waya wa klachi. Na tyubu nzima, iliyopakwa poda na kufungwa kwa kipande cha leso ya marehemu mama yenu, ile nyekundu ya maua meupe, isichubuliwe na vyuma. Niliwaambia mpaka mkachoka: fimbo ya mbali haiui nyoka, spea iliyoko dukani haimfai mtu aliyekwama Vipingo. Na niliwapa sharti moja tu, kilichotoka mkobani hakilali nje. Kirudishwe, au kitiwe kingine mahali pake, kabla mtu hajala chakula cha usiku.

Sasa sikizeni vyema, maana hapa ndipo panaponichoma. Asubuhi ile aliyokufa ami yenu Kamaludin kule Malindi, tulikuwa na miaka sita hatusemezani, mimi na ndugu wa tumbo moja, kwa ugomvi wa chumba kimoja cha chini. Nikasema nitakwenda nimtake radhi hivyo hivyo amelala, na nimtie mchanga kwa mkono wangu. Nikapanda pikipiki. Nilipopita Vipingo tairi la nyuma likaisha upepo, na nilipoling'oa nikakuta tyubu imekatika pale mdomoni pa kujazia upepo, pasipozibika kwa kiraka. Nikafungua mkoba: tyubu hamna, wala leso hamna. Mtu mmoja akasimamisha gari akaniambia, "Panda, mzee wangu, utachelewa." Nami nikamjibu fundi haachi chombo chake njiani. Mpumbavu mimi! Nilikaa pale na chuma changu mpaka nikaletewa tyubu kutoka Kilifi, na nilipofika Malindi watu wanatoka makaburini, wanapeana mikono. Sikumtia hata gao moja la mchanga.

Nilirudi nikiwaka. Barazani, mbele ya majirani, nikasema Sufyan ndiye aliyeitoa tyubu, kwa kuwa Khubaib aliapa alimwona ameufungua mkoba, na kwamba tyubu hakuitoa mwingine. Kweli aliufungua, alichukua pampu na akairudisha! Zakiya akaniambia, "Baba, hebu kumbuka vyema," nikamfokea anyamaze. Wewe Sufyan ukasema mara moja tu, "Sikuitoa, baba." Nikakunyang'anya ufunguo wa duka, nikakwambia nenda ukatafute baba mwingine. Ukaenda Kilifi ukaanza upya kando ya barabara na spana mbili.

Jumatatu iliyopita akaja kunitazama Bramwel, yule wa bodaboda pale Makadara. Kaketi hapo ulipoketi, katoa tyubu mpya, kaniambia, "Mzee, pole kwa kuchelewa, nilikuwa kwetu Bungoma. Hii ni badala ya ile uliyonipa siku nilipokwama na abiria mgonjwa." Ilikuwa imefungwa kwa leso ya mama yenu. Nyekundu, maua meupe. Wallahi nilitamani ardhi inimeze! Nilimpa alasiri, ikaadhiniwa magharibi, nikaenda kuswali, nikarudi nikala nikalala. Siku mbili baadaye ndugu yangu akafa. Nyani haoni kundule, wanangu, na nyani ndiye huyu mnayemtazama.

Khubaib, usilie, wewe uliapa juu ya usilolijua na nitakwenda nalo hilo kwa Mola wangu pamoja na langu. Kabla jua halijatua utamtaka radhi nduguyo barazani, palepale nilipomtukana mimi. Ningeweza kutembea ningetangulia.

Na wewe Sufyan, nisamehe, mwanangu. Chukua ile tyubu, itie mkobani kwa mkono wako, nikuone. Ehe. Mkoba ni wako.

Jioni hii warudi Kilifi, una watoto. Watakapokupigia kukwambia nimekufa, hawatakungoja sana, maiti hacheleweshwi. Usipande pikipiki yako kabla hujaufungua mkoba, na uhesabu kwa vidole, usihesabu kwa macho. Khubaib, mchanga wa kwanza ni wa Sufyan. Mtu yeyote asimtangulie. Umenisikia?

Maji, Zakiya... basi, yatosha. Mungu awape kuhurumiana, awape riziki ya halali, asiwatie miaka sita ya kununiana kama... Nipe mkono wako, Sufyan. Una mafuta ya mnyororo, vizuri. Tairi likikukatalia kabisa, mwanangu... mtu akasimama akakwambia panda... iache pikipiki. Iache hapo hapo barabarani, nayo waichukue. Wewe panda, uje.